Vazi la Halloween kwa shilingi 30,000: mvalishe kaloli

SWALI: Mwanangu ana miaka 9, yuko P.4 (darasa la nne) hapa Ntinda, Kampala. Shule yao imeandaa sherehe ya Halloween tarehe 31 Oktoba, kuanzia saa kumi na moja jioni, na kila mtoto anatakiwa aje na vazi la kutisha. Yale ya madukani siyawezi. Nina shilingi 30,000 na wiki mbili, cherehani sina. Mwaka jana nilimtengenezea barakoa ya boksi nikabandika magazeti kwa uji wa unga. Mvua ilinyesha, ikalainika na kupasuka kabla hajafika getini. Safari hii anataka awe joka. Nianzie wapi? Mama Joshua.

JIBU: Mama Joshua, joka liache. Joka linataka mkia, mabawa yanayosimama, magamba na barakoa ya kufunika uso mzima. Hayo ni mambo manne magumu kwa mtu asiye na cherehani, na likilegea moja tu mtoto anafanana na mamba aliyeshinda njaa. Mvalishe kaloli.

Si mzaha. Mtazame vizuri yule ndege anayekaa juu ya mti karibu na jalala: upara wa rangi ya kidonda kinachokauka, vinywele vichache visivyo na mpangilio, mdomo mnene mrefu, mfuko wa nyama unaoning'inia kifuani, mgongo wa kijivu kilichokolea kama koti la mzee anayekwenda mazishini, tumbo jeupe, miguu iliyopauka. Vitabu vinamwita korongo mfuko-shingo. Akisimama wima hukaribia mita moja na nusu, yaani anampita Joshua kwa kimo. Mtoto yeyote wa Kampala atamtambua kutoka ng'ambo ya uwanja, na hicho ndicho kipimo changu cha vazi: watu wakilazimika kuuliza "wewe ni nani?", limeshindwa, hata kama lilinunuliwa kwa laki mbili.

Wala asikwambie mtu kwamba hiyo si Halloween halisi. Ule ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na desturi zake zilikulia Ireland na Uskoti kabla ya wahamiaji kuzipeleka Marekani katika karne ya 19. Kwao walichonga sura za kutisha kwenye turnipi, mboga ya mizizi. Walipofika Marekani wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga, wakahamia huko. Walitumia kilichokuwepo. Kilichopo Kampala ni kaloli.

Sasa fedha. Kosa la watu wengi ni kuzigawa sawasawa juu ya mwili mzima, kila kiungo kikapata kidogo na hakuna kinachoonekana. Kwa vazi hili kazi iko kichwani na mabegani. Vingine ni nguo za kawaida. Weka mipaka hii na usiivuke: koti kuukuu la mtu mzima 10,000, fulana nyeusi kubwa 3,000, karatasi ngumu za manila mbili 2,000, rangi za maji ndogo ndogo 6,000, gundi nyeupe ya mbao, kopo dogo, 3,000, sindano, uzi na lastiki 2,000. Jumla 26,000, na 4,000 zinazobaki ziweke kwa ajili ya kitu kitakachoharibika, maana hakikosi. Kofia ya kepu iliyochakaa, shati jeupe la shule, soksi ndefu za kuchezea mpira, soksi nyembamba za kike zilizochanika, magazeti na unga wa ngano vitoke nyumbani au kwa jirani.

Kabla ya kushika mkasi, tuelewane kwa nini barakoa ya mwaka jana ilikufa. Boksi lenye mawimbi ndani limeundwa kwa karatasi zilizogandishwa kwa wanga. Ukilipaka uji wa maji maji, wanga huo nao unalainika na boksi linaanza kuachana lenyewe kwa lenyewe. Halafu inaelekea ulibandika tabaka nyingi siku moja: nje pakakauka, ndani pakabaki pabichi, na rangi ikafungia unyevu humo. La tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Barakoa ya uso hulowana kutoka ndani, kwa pumzi na jasho, hata siku ya jua, na upande wa ndani karibu hakuna anayeupaka kinga. Mvua ilimalizia tu. Na kwa kuwa Oktoba ni msimu wa mvua za vuli, panga kana kwamba itanyesha.

Kwa hiyo safari hii hatutumii boksi, na hatufuniki uso. Mdomo wa kaloli utakaa juu ya kofia, uso wa Joshua ukiwa wazi chini yake. Ataona, atapumua, atakula keki bila kuvua kitu.

Anza na mdomo, siku ya kwanza kabisa, kwa sababu ndio unaochelewa kukauka. Tandaza manila moja mezani. Funga uzi kwenye penseli, acha urefu wa sentimita 36, na ushikilie ncha ya uzi huo kwa kidole kwenye kona ya manila. Zungusha penseli kuanzia ukingo mmoja: utapata upinde. Sasa, pale upinde ulipoanzia ukingoni, weka ncha ya uzi ule ule wa sentimita 36 na utie alama pale penseli inapokata upinde. Piga mstari kutoka alama hiyo hadi konani. Hapo umepata kipande chenye pembe ya nyuzi 60 bila kuhitaji kipimapembe. Ongeza ukingo wa sentimita 2 wa kubandikia, kata, kisha kunja kama karatasi ya karanga. Hesabu yake inajipa yenyewe: nyuzi 60 ni moja ya sita ya duara, kwa hiyo koni inakuwa na tundu la sentimita 12 upande wa nyuma, kipimo kinachotosha kipaji cha uso cha mtoto wa umri wake. Ukitaka mdomo mrefu zaidi, usiongeze urefu peke yake, maana tundu nalo litapanuka na kumeza kofia.

Bandika ukingo kwa gundi nyeupe, ushikilie kwa vibanio vya nguo nusu saa. Kisha ubonyeze kidogo pande mbili ili tundu lisiwe duara kamili: kimo kama sentimita 14, upana 9. Mdomo wa kaloli ni mwembamba ukiutazama kwa mbele na mnene ukiutazama kwa ubavu. Ukiuacha wa mviringo atafanana na mtu aliyevaa kipaza sauti. Kata sentimita moja ya ncha na uizibe kwa karatasi iliyokunjwa, iwe butu. Ncha kali ya manila kwenye uwanja wa watoto mia inatafuta jicho la mtu.

Gundi ya unga: nusu kikombe cha unga wa ngano, koroga kwanza na nusu kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha vikombe viwili vya maji, mimina mchanganyiko humo huku ukikoroga, acha utokote dakika mbili tatu hadi ule weupe wa unga upungue na uji uwe mzito wa kung'aa. Ukiuacha mweupe wa maziwa bado haujaiva na hautashika. Tia kijiko kikubwa cha chumvi kuzuia ukungu, kisha uache upoe. Unga wa muhogo nao unafaa, tena unashika zaidi, ila punguza kiasi kidogo maana huwa mzito haraka.

Jaza koni kwa mfuko wa plastiki uliosokomezwa magazeti ndani yake, isibonyee. Chana gazeti vipande vya upana wa vidole viwili. Chana kwa mkono, usikate kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanika unapotea chini ya rangi lakini ule wa mkasi unabaki kama ngazi. Chovya kipande, kikamue katikati ya vidole viwili mpaka kisidondoshe, ndipo ubandike. Tabaka la kwanza liende kwa urefu wa mdomo. Subiri likauke kabisa, siku nzima ikiwa kuna jua, siku mbili ikiwa mvua inanyesha, ndipo uweke la pili kwa kukingama. Mawili yanatosha. Namna ya kujua pamekauka: gusisha mdomo huo shavuni mwako. Ukihisi ubaridi, bado kuna maji ndani, hata kama kidole kinakwambia pakavu. Usiuharakishe juu ya sigiri. Karatasi ikikaushwa upande mmoja hujikunja kuelekea kwenye joto, na mdomo utapinda kama ndizi. Uchomeke kwenye mpini wa ufagio uliosimamishwa mahali penye upepo.

Tabaka mbili tu, narudia, kwa sababu ya uzito. Koni tupu uzito wake umekaa theluthi moja kutoka nyuma, jambo linalotusaidia. Lakini kila kipande unachoongeza karibu na ncha kinavuta kofia mbele kama ndoo iliyoning'inizwa mwisho wa mti. Mdomo huu ukikauka haupaswi kufika gramu 100. Ukishika mkononi ukahisi kama umeshika kitu, umezidisha.

Ukingo wa mbele wa kofia ya kepu usiukate wote. Upunguze pande mbili ubaki na upana wa sentimita 7, kama ulimi. Mdomo wa kaloli unavishwa juu ya ulimi huo, na ulimi unaubeba kwa ndani. Kwenye tundu la nyuma la koni kata meno ya kina cha sentimita 3, yafungue nje, yalaze juu ya kofia na uyashone kwa uzi wa mara mbili, mishono miwili mitatu kila jino, kisha upake gundi nyeupe juu yake. Gundi peke yake kwenye kitambaa kinachojikunja hubanduka, na uzi peke yake unachana manila. Vikiwa pamoja vinashika. Ushonaji huu ufanye kofia ikiwa imevishwa kwenye bakuli au sufuria iliyofudikizwa, si mkononi.

Shona lastiki ya kupita chini ya kidevu, kisha jaribu: mvalishe Joshua, mwambie aitikie kwa kichwa mara kumi, haraka haraka. Kofia ikiteleza mbele, tia kifuko cha mchanga, vijiko vitatu hivi, ndani ya kofia upande wa kisogo. Usitatue kwa kukaza lastiki, atapata maumivu ya kichwa kabla ya michezo kuanza. Hakikisha pia sehemu ya chini ya mdomo iko juu ya nyusi. Ikishuka hapo atakuwa anainua kidevu kila anapotaka kuona ngazi, na ngazi ndiyo itakayomwangusha.

Upara. Kata soksi nyembamba za kike vipande vipande, vichovye kwenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, uvilaze juu ya kofia yote na juu ya yale meno. Usivinyooshe. Mikunjo ndiyo ngozi yenyewe, na hapa uvivu unalipa. Ikikauka, paka rangi ya waridi iliyochafuka: nyekundu kidogo, nyeupe nyingi, tone la kahawia. Kisha uguse hapa na pale kwa kipande cha sponji chenye kahawia nzito na nyeusi. Macho ni vizibo viwili vya soda vilivyopakwa nyeusi, kimoja kila upande, nyuma kidogo ya mdomo. Vinywele ni nyuzi za katani zilizochomolewa kwenye kamba, kama kumi na tano, urefu wa vidole viwili, umezichomeka kwa sindano bila mpangilio. Hapo ukizidisha atakuwa kuku. Mdomo nao ni weupe uliotiwa manjano kidogo na nyeusi kidogo zaidi, mpaka upate rangi ya pembe ya ng'ombe, wenye madoa meusi karibu na paji. Piga mstari wa kinywa kwa maka peni kila ubavu, na matundu mawili membamba ya pua.

Baada ya rangi kukauka ndipo unaweka kinga: sehemu mbili za gundi nyeupe kwa sehemu moja ya maji, mara mbili, nje ya mdomo. Ndani upake mapema, kabla hujaushona kwenye kofia. Gundi hiyo ikikauka inakuwa ngozi isiyoonekana. Inastahimili manyunyu. Haistahimili mvua ya kumwaga, kwa hiyo kofia isafiri ndani ya mfuko.

Sasa koti, na hapa twende soko la Owino. Usiulize koti zuri. Uliza koti la suti la mwanaume lililochanika bitana au lisilo na vifungo, la kijivu kilichokolea au nyeusi, linalomfikia mtoto magotini. Vitu hivyo vilivyokosekana wewe huvihitaji, na ndivyo vinavyoshusha bei. Kabla hujalipa, chomoa uzi mmoja kutoka pindo la ndani, utoke nje ya kibanda, uuchome kwa kiberiti. Ukinuka kama nywele iliyoungua, ukageuka jivu na kuzimika wenyewe, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi ni poliesta, na poliesta ikishika moto hunata kwenye ngozi. Katika sherehe ambako huenda kukawa na mishumaa ndani ya maboga, hiyo si tofauti ndogo. Kama umepata la poliesta pekee, linunue, lakini waambie walimu mtoto asikaribie taa za moto, nawe hakikisha koti halifungwi kwa kifungo hata kimoja ili alivue kwa mkupuo.

Manyoya yatoke kwenye fulana nyeusi. Kitambaa cha fulana kimefumwa kama soksi, hakitoki nyuzi ukingoni, kwa hiyo hakidai pindo. Kata vipande vya sentimita 18 kwa 6, mwisho mmoja uwe wa mviringo kama ulimi. Fulana moja kubwa inatoa vipande sabini na zaidi, wewe unahitaji 48: safu nne za vipande kumi na viwili mgongoni. Anza safu ya chini kabisa, kisha panda juu kama mtu anayeezeka mabati, kila safu ikifunika sentimita 6 za juu za ile iliyo chini yake. Wanaoanzia juu hujikuta wanashona chini ya manyoya waliyokwisha kushona, na hapo ndipo uzi unakamata usichokusudia. Panga safu nzima kwa pini, piga mshono mmoja wa kurudi nyuma kutoka ubavu hadi ubavu, ukipita kwenye ncha za juu tu. Usishone unyoya mmoja mmoja. Jioni mbili zinatosha. Safu ya chini iguse ukingo kwa chaki au rangi nyeupe kidogo, maana wakati wa kuzaliana manyoya makubwa ya bawa la kaloli huwa na ukingo mweupe.

Mabega ni nusu ya kufanana. Kaloli husimama shingo imezama, mabega yamepanda. Weka nguo kuukuu zilizokunjwa au vipande vya godoro ndani ya koti juu ya kila bega, uvipige bandi visihame, na uinue kola isimame. Mikono ya koti ikunje ndani kwa kiasi kwamba vidole vinaonekana. Chini yake avae shati jeupe, ndilo tumbo. Kuzunguka kola shona vipande vyeupe vya fulana kuukuu vilivyochanwa chanwa, kama manyoya laini ya shingo. Pamba usiitumie kwa hilo, ingawa inapendeza zaidi: inashika moto kwa kufumba na kufumbua.

Mfuko wa shingo ni mguu wa soksi ya kike uliojazwa sponji, urefu sentimita 25, umepakwa ile ile rangi ya upara. Ushone kwenye shati, chini ya kola. Usiufunge shingoni kwa kamba hata kama ni nyepesi. Mtoto mwingine ataushika na kuuvuta, na hilo linatokea ndani ya dakika kumi za kwanza.

Miguu itamfurahisha kuliko vyote. Miguu ya kaloli kwa asili ni ya kijivu. Ule weupe ni kinyesi chake mwenyewe: hujinyea miguuni makusudi, na majimaji yakikauka yanaupoza mwili. Chukua soksi ndefu nyeusi za mpira, uzivishe chupa za plastiki, upake rangi nyeupe ya maji kwa sponji kuanzia gotini kwenda chini, ikiwa na michirizi. Usitumie chokaa ya ukutani. Ikikutana na jasho inachoma. Viatu ni vyake vya kila siku. Makucha ya boksi yanavutia kwenye picha na yanaangusha mtu kwenye nyasi.

Usoni paka kidogo tu, kijivu chini ya macho na mashavuni. Vijiko viwili vya wanga wa mahindi, kijiko kimoja cha losheni ya mtoto isiyo na manukato, matone ya maji hadi ilainike, na rangi ya chakula. Ijaribu ndani ya kiwiko siku moja kabla. Kuna vitu watu watakupendekezea, vikatae: rangi ya viatu ina viyeyusho ambavyo si vya ngozi, rangi ya ukuta hivyo hivyo, na wanja wa kopo usiojulikana ulikotengenezwa, kwa kuwa baadhi ya wanja huwa na risasi. Mwingine atakuletea chandarua kuukuu kwa ajili ya utando wa buibui. Vyandarua vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu, visikae karibu na mdomo wa mtoto. Na manyoya ya kaloli halisi yaliyoanguka chini ya mti yaache hapo hapo. Ndege huyo anashinda kwenye taka na mizoga.

Jambo jingine si la ufundi bali la adabu. Atatokea atakayesema mfunge shuka jeupe awe mzimu. Katika nyumba nyingi hapa, mtoto aliyezungushiwa shuka jeupe anakumbusha sanda, na bibi yake hatacheka. Vivyo hivyo lubugo. Kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba Waganda huzikia watu wao na kukivaa kwenye shughuli za Kabaka, mfalme wao, na UNESCO ilikitangaza urithi mwaka 2005. Kinaonekana cha kizamani na cha kutisha kwa mgeni. Kwa mwenyeji kina heshima yake.

Ukichelewa ukajikuta umebaki na siku mbili, usijilazimishe kaloli. Mdomo mbichi utakuaibisha tena. Fanya kiunzi cha mifupa: fulana nyeusi na suruali nyeusi, rangi nyeupe ya maji iliyotiwa gundi nyeupe kidogo. Ingiza manila ndani ya fulana ili rangi isipenye hadi mgongoni, na manila hiyo iwe pana ya kuivuta fulana, kwa sababu rangi iliyopakwa kwenye fulana iliyolegea hupasuka mtoto akiivaa. Mbavu jozi sita zinatosha. Ukichora zote kumi na mbili zinakuwa milia ya pundamilia.

Rudi kwa kaloli wetu: siku ya safari. Kama mnapanda boda, koti lisivaliwe njiani. Mkia wa nguo ukiingia kwenye nyororo au spoku unamvuta mtu chini. Likunje, liwe begani mwako ndani ya mfuko, na kofia ikae kwenye beseni ndogo yenye mfuniko au mfuko mgumu, mdomo ukitazama juu. Ndani ya teksi ni hivyo hivyo, maana sentimita 32 za mdomo zitakuwa kwenye shavu la abiria wa mbele. Avalie shuleni. Mgongoni, juu ya manyoya ya safu ya tatu, shona utepe mweupe au wa kuakisi mwanga. Saa moja usiku koti la kijivu halionekani na dereva anayerudi nyuma kwenye maegesho. Beba sindano yenye uzi mweusi, pini tatu na kipande cha soksi kilichobaki.

Siku mbili kabla, mvalishe vazi zima nusu saa nyumbani. Aketi, apande ngazi, aende chooni, anywe maji. Kitakacholegea kitalegea hapo.

Kisha mfundishe kusimama. Kaloli hakimbii, hapigi kelele. Anasimama mguu mmoja umelegea, mabega juu, mdomo umelala kifuani, anakutazama kwa upande. Akitembea hutembea kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Sauti hana ya maana, hugonga mdomo tu. Mpe Joshua rula mbili za mbao, azifiche ndani ya mikono ya koti, asimame kimya nyuma ya mwalimu mpaka mwalimu ageuke, ndipo azigonganishe mara tatu.